Sharti la Beseni

Kibali cha mazingira cha kiwanda chetu cha kutia rangi vitenge kina sharti moja: kila Jumamosi, mtoto wa mwenye kiwanda huogeshwa kwa maji yanayotoka mitamboni, majirani wakitazama. Mtoto akitoka vipele, kiwanda kinafungwa.

Mara ya kwanza nilimshika mwanetu Tunu juu ya beseni, mikono ikagoma kumshusha. Mume wangu, Mbaraka, aliniinamia sikioni.

“Mwogeshe tu, Mama Tunu. Bomba nimeliunga kwenye tangi la maji ya mvua. Mwanangu hawezi kuwa kipimo cha watu.”

Siku hiyo nilimpenda kuliko siku zote. Tangu hapo Tunu hucheza majini akicheka, na majirani hupiga makofi.

Jumamosi hii Mama Zuhura, anayekaa bondeni, alikuja na kichanga chake mgongoni.

“Shoga, ngozi ya mwanao kama siagi! Mimi maji ya kununua nimeacha. Wangu namwogesha mferejini, yanapomwagikia maji ya kiwanda chenu.”

Alipomshusha, niliona shingo ya mtoto imewiva, nyekundu.

“Joto hilo,” alisema. “Litaisha.”

Nilimsogezea beseni. “Leo mwogeshe humu, pamoja na Tunu.”

Aliangua kicheko. “Wewe nawe! Kwani maji si ni yale yale?”

Mbaraka, kando ya bomba, alinitikisia kichwa taratibu. Nilimtazama yule kichanga.

“Hapana, shoga,” nilisema. “Si yale yale.”

Majirani wakageuka kulitazama bomba. Tunu peke yake aliendelea kuyapiga maji kwa viganja, akicheka.