Swali la Mjane wa Fundi

"Kwa hiyo mume wangu haingii mbinguni," mjane aliuliza kwa mara ya tatu wiki ile. "Hata kwa mlango wa uani?"

Mchungaji alivua miwani akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. Mume wa mama huyu, fundi wa mapaa, alikuwa amezikwa siku tisa zilizopita. Maisha yake yote hakuingia kanisani hata mara moja. Juu ya kanisa, sawa, alipanda kila mwaka kuziba matundu, tena bure. Wakimwita ashuke asali, alijibu kwamba Mungu akimtaka anajua alipo, na tena kati yao wote yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

"Mama, nisikudanganye," mchungaji alisema. "Imani ndiyo tiketi. Matendo mema ni mizigo tu, na mizigo haisafiri bila mwenye tiketi."

"Hakuna wa kumwombea? Hakuna msamaha wa dakika za mwisho?"

"Hakuna, mama yangu. Ameshafika alikofika."

Mjane alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Akaushika mkono wa mchungaji kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda zake.

Shukrani ile ndiyo iliyomchoma. Umwambie mtu mumewe haioni pepo, naye akushukuru! Mchana huo chakula kilimkwama kooni, na mkewe hakumsaidia kukisukuma.

"Una moyo wa jiwe, baba," alimwambia huku akimwongezea mchuzi. "Jiko hili unalolia chakula kaliezeka yule fundi. Leo umemnyima mbingu?"

"Si mimi. Ni maandiko."

"Maandiko si unayasoma wewe? Yasome tena."

Jioni mchungaji alikwenda kumtazama mjane nyumbani kwake. Mvua ilikuwa inanyesha, na kinyozi hajinyoi: paa la fundi lilivuja, beseni limewekwa katikati ya sebule likipokea matone. Viti havikuwepo. Mjane alimpindulia ndoo, akamkaribisha aketi.

"Viti aliwapa majirani waliounguliwa na nyumba," alieleza. "Godoro alimpa mgonjwa. Cherehani yangu, ile niliyokuwa nikishonea nguo za watu, nilirudi kutoka ibadani nikakuta kampa binti yatima wa mtaa wa pili."

"Bila kukuuliza?"

"Aniulize vipi, na mimi nilikuwa kwenu nasali?"

"Nawe ukasemaje?"

"Niseme nini, mchungaji? Mtaa mzima ulikuwa hapa mlangoni unampigia makofi."

Mchungaji alitoa kijitabu akaandika yote, kuanzia viti mpaka cherehani. Macho yalimlowa, na safari hii si kwa mvua.

"Moyo gani huu!" alisema.

"Moyo gani," mjane aliitikia, akainua beseni akaenda kulimwaga.

Siku tatu zilizofuata mchungaji alifungua vitabu vyake vyote, hata vile alivyopewa zawadi na kuvitumia kuzuia dirisha. Alitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, na mwenye kutafuta kwa bidii namna hiyo hakosi. Kufikia Jumamosi mbingu yake ilikuwa imeongezeka vyumba kadhaa, na yeye mwenyewe alishangaa kuona jinsi alivyokuwa na huruma.

Jumapili alihubiri kama ambavyo hakuwahi kuhubiri. Alivitaja viti. Alilitaja godoro. Alipofika kwenye cherehani, wazee wa kanisa walikuwa wanapenga kamasi.

"Mtu wa namna hii," alinguruma, "Mungu amwache nje? Hapana! Nilikosea, ndugu zangu, na leo natubu mbele yenu. Matendo yake yamemwingiza! Fundi wetu yuko ndani! Na wewe, mama, futa machozi. Siku yako ikifika utamkuta mlangoni anakungoja, na hamtaachana tena milele na milele!"

Kanisa zima lilisimama kwa vigelegele. Mjane peke yake alibaki ameketi. Kisha akaanza kuteleza kwenye benchi, taratibu, mpaka chini. Akina mama walimzunguka wakimpepea kwa kanga, wakiambizana kwamba furaha nayo huweza kuua mtu.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi. Mchungaji aliinuka haraka, akatandaza mikono kupokea shukrani, ambayo leo aliona ameistahili.

"Una hakika yuko huko?" mjane aliuliza, bado amesimama.

"Kama ninavyokuona wewe, mama."

Mjane alifungua mkoba wake. Akatoa kadi ya ushirika na joho la kwaya lililopigwa pasi vizuri, akaviweka juu ya meza.

"Nifute kwenye daftari, mchungaji. Miaka thelathini na minane nimesali sijakosa hata Jumapili moja, nikijua huko juu nitavishwa taji langu, nikae nalo peke yangu kwa amani. Sasa nikivishwa asubuhi, mpaka mchana si atakuwa ameshampa mtu?"

Akatoka. Mchungaji alikimbilia dirishani. Kando ya barabara bibi kizee mmoja alikuwa akimsihi mjane amshikie kikapu wavuke pamoja. Mkono wa mjane ulianza kunyooka wenyewe. Ndipo akatazama juu mbinguni, akaurudisha haraka chini ya kanga, akapita.