Mkono na Tumbo

Bi Maimuna aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza ya daktari, nao ukaanza kutetemeka wenyewe. Ndio mkono uliowapaka hina maharusi wa mji mzima. Ijumaa iliyopita ulimharibia bi harusi ua zima la kiganjani.

Daktari hakuugusa. "Bibi, choo unapata vizuri?"

"Mwanangu, mimi nimeleta mkono."

"Najua, bibi. Nijibu tu."

"Tumbo langu gumu tangu marehemu mume wangu yu hai. Nikizidiwa nakunywa sanamaki, nalitukana, nalala."

"Na mkono?"

"Huu umeanza juzijuzi tu."

Daktari alisogeza kiti. Akamweleza kwamba tumboni mna mishipa ya fahamu isiyo na idadi, na mmoja mrefu hupanda kutoka huko mpaka kwenye ubongo. Kwa baadhi ya watu, alisema, maradhi haya ya kutetemeka huenda huanzia kule chini, miaka mingi kabla ya kufika mkononi. Dawa ya kuyamaliza hakuna, ila ya kuutuliza mkono ipo.

Bi Maimuna hakuwa akisikiliza tena habari za mkono.

"Subhanallah," alinong'ona. "Miaka yote hiyo lilikuwa linaniambia, nami nalinywesha sanamaki linyamaze."

Taratibu aliulaza ule mkono unaotetemeka juu ya tumbo, kama mja mzito anayengoja mtoto acheze. Daktari alipofungua kinywa aendelee, bibi alimwashiria anyamaze.