Mtihani wa Mama na Mwana

Siku hizi mwanafunzi haandikishwi peke yake kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Lazima mzazi mmoja aufanye naye, na wakifaulu huingia chuoni wote wawili. Tunu alimchagua mama yake, Mwanaidi, aliyeishia darasa la saba.

"Nitakuangusha, mwanangu," Mwanaidi alisema mbele ya mashine ya kuandikisha.

"Mama, mwaka mzima tumesoma pamoja. Weka kiganja."

Akaweka. Mashine ikatamka majina yao yote mawili. Mwanaidi akapiga kigelegele, foleni nzima ikamwitikia.

Jioni walipika pilau. Baba, fundi cherehani, alicheka kuliko wote, akaahidi kuwashonea magauni ya kufanana. Kisha akauliza taratibu, "Huko chuoni, wageni wanaruhusiwa kulala?"