Nukta Nyekundu

Kesho katapila lingepita kufungua barabara, na Nyamizi alikuwa bado anachora makaburi ya kale kwenye karatasi ya miraba. Kila palipolala kichwa aliweka nukta nyekundu. Wachimbaji wenzake walishaamua kwamba watu wale walizikana ovyo, kila mmoja upande wake. Alipounganisha nukta kwa penseli, likatokea duara.

"Mzee Masalu, njoo uone! Vichwa vyote vinaelekea katikati! Kuna mtu wamemzunguka!"

Mzee Masalu, msimamizi wao, akainama juu ya ramani, kisha akautazama uwanja. "Mama yangu! Hapo katikati si ndipo tunaposongea ugali wiki ya sita sasa?"

Wakakimbia. Wakazima moto, wakaondoa mafiga. Mzee Masalu akashika mwiko wa kuchimbia, akapiga magoti, halafu akasimama tena, akavua viatu.