Kuganda kwa Joto

"Inaganda kwa sababu ya joto, baba," alisema fundi Salme, kiganja chake kikiwa juu ya kompyuta.

Bwana Kitwana alimtazama asielewe. Tangu utoto wake vitu viliganda kwa baridi. Tena kompyuta hii, aliyoiunganisha na runinga ya sebuleni, haikuganda ovyo. Kila alipoweka video ya harusi ya binti yake, ilikwama pale pale: marehemu mkewe amegeuka, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kumwambia neno. Video haikuwahi kupita hapo.

"Unaianza mwanzo kila mara?"

"Kila mara."

"Basi ukifika hapo inakuwa imeshachemka. Haipumui." Salme akakivuta kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika mashine na kuziba matundu yote ya hewa. Akakikunja, akampa.

"Marehemu alikifuma mwenyewe," alisema Bwana Kitwana. "Alikuwa hapendi kitu kikae uchi sebuleni."

Fundi alipoondoka, Bwana Kitwana akaianza video mwanzo. Ilipofika pale haikukwama. Mkewe akamalizia mwayo wake, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatoka kwenye picha. Kikabaki kiti kitupu na sahani ya pilau iliyoliwa nusu.

Kumbe mwayo.

Bwana Kitwana akairudisha video mwanzo. Akasimama mbele ya mashine, kitambaa amekikunjua kwa mikono miwili, picha zikisogea taratibu kuelekea pale, naye hajui akitandike tena juu ya matundu au akiweke kando.