Nyumba ya Tatu, Binti wa Pili

"Usinitajie jina!" Nzai alimkatiza mpwawe. "Mshenga hamtaji mtoto wa watu kwa jina. Nielekeze mahali tu."

Mapenzi yalikuwa yamemkondesha Mwero, na alikuwa ameapa kwamba akimkosa huyu, haoi tena maishani. "Haya, mjomba. Kibuyuni, nyumba ya tatu ukiingia kijijini. Binti wa pili. Lakini jina la baba yake—"

"Nimeposea vijana wa watu tangu enzi za Mwingereza, na leo tuna bendera yetu! Nilikosea lini?" Nzai akaitia pete ya uchumba mfukoni.

Mwero alimshauri apite njia ya pwani, alivyozoea kupita yeye. Thubutu! Mtu mzima achafue kanzu kwa matope? Nzai alipanda lori la mbata, akashushwa penye shule, upande wa bara wa kijiji, akahesabu nyumba, akapiga hodi.

Mwenye nyumba, Mzee Shutu, alimkaribisha huku ameduwaa. Mkewe alitoka mbio kwenda kukopa sukari. Uani, jogoo alikuwa akifukuzwa na msichana mwenye sauti ya kutikisa makuti.

Nzai alikohoa kwa adabu. "Tumeona ua katika bustani hii, mzee. Lile la pili."

Mzee Shutu akatua kikombe. "La pili? Una hakika, bwana?"

"Hakika kabisa."

"Huyu anayemtukana jogoo?"

"Huyo huyo! Kijana wangu halali kwa ajili yake."

"Alhamdulillahi!" Mama alipiga kigelegele, sukari ya watu ikamwagika.

Nzai alifurahi mno. Posa gani hii, haina hata maringo! Kwingine mshenga huzungushwa mpaka viatu vikaisha soli. Hapa mahari hayakubishaniwa, pete ikapokewa, Fatiha ikasomwa, na jogoo bado hajaiva chunguni.

Aliposhiba, alishika njia ya pwani, matope na yawe matope, akijiimbia. Kwenye nyumba ya tatu kutoka mwisho wa kijiji, mzee mmoja aliyevalia kama siku ya Idi alikuwa amesimama mlangoni, akichungulia njia.

"Samahani, bwana. Wewe si mjomba wake Mwero?"

"Ndiye mimi!" Nzai akatunisha kifua.

"Subhanallah! Pita ndani upesi! Pilau imepoa, wazee wamechoka kungoja, na binti yangu analia tangu adhuhuri akidhani mmemkataa."