Kichwa cha Tano

Sheria ilitaka kila kichwa cha utafiti kisomwe kwanza, kabla ya kuchapishwa, kupitia redio ya ukutani, katika nyumba za wote waliochunguzwa. Dakta Mwanaisha Kimweri alikuwa amechunguza wazee mia mbili wa Korogwe, akiwemo baba yake, aliyeishi naye.

Aliandika kichwa, "Kumbukumbu Uzeeni." Mashine ya jarida la utafiti ikakikataa: hakisemi kilichogunduliwa. Akaandika vingine vitatu kwa maneno laini, vyote vikarudi. Cha tano kilikubaliwa.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanakunywa chai redio ilipojiwasha yenyewe. "Wazee Wanaorudiarudia Maswali Husahau Majina ya Watoto Wao Ndani ya Miaka Miwili."

Mzee Kimweri alitua kikombe. "Kichwa kizuri. Hata mimi nimekielewa. Nani kakiandika?"

"Mimi, baba."

"Hongera, mwanangu."

Utafiti ule ulisomwa sana, na Mwanaisha akapandishwa cheo. Lakini tangu asubuhi ile baba yake hakumuuliza tena swali lolote. Miwani ikimpotea, huitafuta mwenyewe, chumba hadi chumba, na Mwanaisha akitokea mlangoni, mzee husimama wima na kutabasamu kama mtu asiyetafuta kitu.